Kuchukua damu helth senta: sindano ndo sehemu rahisi

Mdogo wangu umeuliza mambo mawili, kama kazi ya kuchukua damu kwenye kituo cha afya ni kudunga tu basi, na ufanyeje mkono wako unaotetemeka. Mi niko maabara ya helth senta III, yaani kituo cha afya cha ngazi ya tatu, huku Busia upande wa Uganda, mwaka wa saba huu. Kudunga kwenyewe ni sekunde chache, kinachokutoa jasho ni mwenye mkono na jina lake.

Alafu usidhani utakaa na sindano peke yake. Vituo vyetu vidogo ukishapata cheti cha maabara na kusajiliwa, we ndo unachukua damu, we unapima malaria, we unaangalia makohozi, we unajaza rejista. Asubuhi benchi limejaa wajawazito, watoto wa homa, na wa ARV waliokuja kupima wingi wa virusi, na za hao hatupimi hapa, pikipiki inazipeleka habu, yaani kituo cha kukusanyia sampuli, na toka habu zinaenda maabara kuu ya taifa kule Butabika, Kampala. Pikipiki ikikukuta hujamaliza kuandika fomu, shauri yako.

Juzi kaja bibi mmoja muuza mukene (dagaa) sokoni, mikono imekauka, mshipa hauonekani hata mmoja. Mwanafunzi wetu akaanza kumpiga-piga makofi mkononi, nikamwambia acha. Nikamuuliza jjajja (bibi), leo umekunywa maji? Hajanywa tangu alfajiri. Nikampa kikombe, nikamfunika mkono na kitambaa cha maji moto nikaendelea na wengine watatu. Aliporudi kitini nikafunga mpira wa kubana mkono vidole vinne juu ya kiwiko nikafumba macho nikapapasa, manake mshipa unatafutwa kwa kidole sio kwa jicho. Ulio mzuri unakisukuma kidole kirudi, unanesa. Ukisikia kitu kigumu kama kamba ni kano hiyo, ukisikia kinapiga mapigo ni ateri, kimbia. Spiriti nikaiacha ikauke kabisa, ukidunga ikiwa mbichi inawasha na inaharibu damu, nikavuta ngozi chini na dole gumba mshipa usiteleze, nikaingia kwa mlalo. Mpira usikae zaidi ya dakika moja. Na usivute bomba kwa nguvu ati una haraka, chembe za damu zinapasuka majibu yanakuwa uongo.

Damu inaingia tu bibi akaniuliza, musawo (daktari), hii mnaiuza wapi? Usicheke, hawa ni watu waliokua na hadithi za mumiani. Nikamwonyesha tyubu, mililita 4, hata kijiko cha chai haijazi. Akaiangalia weee, akasema basi chukueni.

Rangi za vifuniko vya tyubu utakariri, nyekundu kabla ya zambarau, manake dawa ya zambarau ina potasiamu na ikigusa nyingine vipimo vinachafuka. Zambarau unaigeuza taratibu mara nane hivi, usiitikise kama soda.

Sasa jina. Mwaka wangu wa kwanza walikuja Nakato wawili asubuhi moja, na unajua pacha wa kike wa pili kwa Waganda ni Nakato tu, wako kila mtaa. Mi nikajifanya mjanja nikaandika lebo zote kabla ya kuchukua damu ili foleni iende. Majibu yakatoka, binti aliyekuja anatembea kama askari ana damu 6, yaani kidogo sana, na yule mweupe midomo anayeshika ukuta ana 12. Banange. Nilitoka nje kumtafuta wa pili akiwa tayari juu ya bodaboda, nikawarudisha wote nikawaomba msamaha nikawadunga upya, na mmoja alinitukana sawasawa, haki yake. Toka siku hiyo nauliza jina lote na umri, namwacha aseme mwenyewe (ukimuuliza "we ndo Nakato?" mgonjwa atasema ndio hata kama jina lake ni Babirye), na naandika lebo baada ya damu, akiwa bado amekaa mbele yangu.

Ukikosa mara mbili mwite mwenzako, hakuna aibu. Na sindano iliyotumika usiifunike, tupa sefti boksi, lile boksi la sindano zilizotumika, hapo hapo. Mi nilifunika, nikajidunga, nikanywa dawa za kujikinga na VVU siku 28 na kichefuchefu juu.

Kutetemeka, wangu ulitetemeka miezi miwili. Kilichonisaidia ni kufunga mpira mkono wa kaka yangu kila jioni napapasa mishipa tu, bila sindano, yeye anaangalia mpira kwa tivi, mpaka shemeji akauliza kama siku hizi nimeanza uganga.