Kwa mnaoanza kazi porini Florida: jifunzeni kusoma mlango wa kobe

Ninyi mliokuja kupima viwanja au kufyeka kwenye nyika za mchanga za Florida, mtakutana na kobe goferi mapema, na mara nyingi mtaliona shimo lake kabla hamjamwona mwenyewe.

Simameni kando mlitazame. Mlango wake ni bapa chini na umepinda juu, umbo lile lile la kobe akikuelekea. Shimo la armadilo, mnyama mwenye gamba gumu ambaye naye huchimba, huwa la mviringo zaidi. Upana wa mlango hukaribia urefu wa kobe aliyelichimba, maana lazima apate nafasi ya kugeuka humo ndani. Kwa hiyo kijishimo cha upana wa vidole vitatu chini ya majani ni cha mtoto, na hivyo ndivyo tunavyovikanyaga bila kujua.

Mbele ya mlango kuna tuta la mchanga uliofukuliwa. Wiki yangu ya kwanza nililipanda ili nichungulie ndani. Msimamizi alinivuta mkono, akanionyesha nilipokanyaga. Ilikuwa Juni. Mei na Juni jike hutaga, na mara nyingi hutaga kwenye tuta hilo hilo: mayai 5 hadi 9, ya duara kama vipira vya tenisi ya meza, hufukiwa mchangani jua liyaatamie. Tangu siku ile mimi hupita ubavuni.

Shimo la kobe mzima huwa na urefu wa futi 15 hivi, na mengine hufika 40. Ndani joto halipandi wala kushuka sana. Nyika hizi za misonobari zinahitaji moto; zisipochomwa kwa mpango, vichaka hulifunika jua na nyasi anazokula kobe hupotea. Moto unapopita, viumbe hujificha humo shimoni. Aina zaidi ya 350 za wanyama zimeonekana zikiyatumia mashimo haya: vyura, panya, bundi, nyoka indigo mweusi, na yule nyoka mwenye njuga mkiani. Basi msitie mkono, hata mara moja.

Utando wa buibui mlangoni usiwafanye mseme ni mahame. Sheria ya Florida inamlinda kobe pamoja na shimo lake. Mashine zikae futi 25 kutoka mlangoni, na kama ni lazima kobe ahamishwe, kazi hiyo hufanywa kwa kibali na watu waliofunzwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni la ufukweni. Sisi tuliokulia pwani tunajua kasa ni wa baharini na kobe ni wa nchi kavu. Huku wengi huwaita wote kwa jina moja, na mtu mwenye huruma humwokota kobe mdogo kwenye vilima vya mchanga akamtia baharini. Kobe huyo anaweza kufa maji. Waonyesheni wenzenu miguu: kasa ana mapezi, kobe goferi ana miguu ya mbele bapa kama sepeto na ya nyuma minene kama ya tembo.

Mkimkuta barabarani na magari hayapo, mbebeni chini chini kwa mikono miwili, mkamweke upande aliokuwa akielekea. Mkimrudisha alikotoka, atavuka tena. Asipokuwa hatarini mwacheni, kwani akishtuka hukojoa na kumwaga maji aliyojiwekea kwa siku za ukame.