Kamba ya tatu na injini isiyotulia

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Indianapolis. Ndege yangu ndogo ya kamba, ile ya mfano inayoruka kwa kunizunguka nikiishika kwa kamba, ina injini ya glo (inayowasha mafuta kwa plagi yenye waya unaowaka), na nimeifungia kamba ya tatu ya kuongoza kabureta. Nikiipandisha ndege, injini inaongeza mwendo, nikiishusha, inapunguza. Nikipunguza mafuta kabisa, kamba zinalegea mkononi. Nifanyeje?
Mpenda Ndege

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kabureta usiiguse kwanza. Tatizo liko kwenye kamba.

Injini ikiwa imezimwa, mtu aishike ndege, nawe uvute mpini, ule unaoushika mwisho wa kamba, kwa nguvu kama inavyokuvuta ikiwa hewani. Hatua hii wengi huiruka, na inaniuma sana. Kamba mbili za kuongoza mkia hubeba mzigo wote na kurefuka kidogo. Ya tatu hubeba springi tu. Ukipima zikiwa zimelegea, vipimo vitahama ndege ikiruka. Sasa fungua kabureta nusu, pinda kiganja juu hadi mwisho, halafu chini, huku msaidizi akitazama mkono wa kabureta. Mkono huo ukijongea hata kidogo, kamba bado hazijakaa sawa. Belikranki, kile kipande kinachozunguka ndani ya bawa, hupeleka kamba moja mbele kadiri inavyorudisha nyingine, kwa hiyo ya tatu lazima itokee katikati ya hizo mbili. Mimi huanza kukagua mpini, hasa ukiwa wa kujitengenezea.

Kulegea ni jambo jingine, na hapo hesabu haina huruma. Ndege ya kilo 1 kwenye kamba za mita 18, ikienda mita 25 kwa sekunde, inakuvuta kama kilo 3 na nusu. Mwendo ukipungua kwa nusu, mvuto unabaki robo, yaani haufiki kilo 1. Basi mwendo wako wa chini uwe ule ambao kamba bado zimekaza, hata kama injini inaweza kwenda polepole zaidi. Ongeza uzito kidogo kwenye ncha ya bawa la nje, hakikisha injini na usukani wa mkia vimeelekea nje kidogo, na ukihisi kamba zinalegea, rudi nyuma haraka.

Ndipo uje kwenye kabureta: sindano (skrubu ya kupimia mafuta) ya mwendo wa juu kwanza, ya chini baadaye. Ukifungua mafuta ikakohoa moshi mwingi, ya chini inapitisha mafuta mengi mno. Ikizimika ghafla bila moshi, sindano hiyo inainyima injini mafuta. Geuza kidogo kidogo, ujaribu tena.