Maswali ya Wasomaji: Kuusoma mji wa Warumi kwa kompyuta

Ninafundisha historia sekondari hapa Mikindani. Nimesoma kwamba mpangilio wa koloni la Warumi la Korintho ulipatikana kwa kompyuta. Kompyuta inaonaje kilichofukiwa ardhini? Na wanafunzi wangu wanaweza kujaribu bila kufika huko?

Mwalimu, kompyuta haikuona kitu ardhini. Ilipiga hesabu juu ya vipimo vilivyochukuliwa kwa mkono mwangalifu. Korintho ya Wagiriki ilibomolewa na jeshi la Mummius, jemadari wa Kirumi, mwaka 146 KK. Mwaka 44 KK Julius Caesar akaanzisha koloni palepale, na wapima ardhi wakaugawa mji kwa groma: mti wenye mikono minne ya msalaba, kila mkono ukining'iniza timazi. Kipimo chao kikuu kilikuwa actus, yaani futi 120 za Kirumi, kama mita 35.5.

Kuanzia mwaka 1988 timu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ikiongozwa na David Gilman Romano, ilipima kingo za barabara na majengo yaliyokwisha kuchimbuliwa kwa kifaa cha kielektroniki kinachosoma pembe na umbali kwa pamoja. Vipimo hivyo viliwekwa kwenye mchoro mmoja na ramani za mwinuko na picha za angani. Barabara ya Lechaion ikawa uti wa mgongo wa mpangilio, na mji ukasomeka kama robo nne, kila moja actus 32 kwa 15.

Kazi hii huharibikia kwenye ukuta mfupi. Chukua ukuta wa mita 4. Ukikosea sentimita 5 tu kwenye ncha moja, mstari ukiuendeleza kilomita moja utakuwa umepotoka mita 12 na nusu, na hapo "utagundua" barabara ambayo haikuwahi kuwapo. Kwa hiyo hupimwa kingo ndefu, nukta nyingi kwenye kila ukingo, na jiwe lililosogezwa na mizizi au tetemeko huachwa.

Kwa darasa lako, usianze na Korintho, maana gridi yake haionekani kwa macho. Anza na mashamba yanayozunguka Cesena, kaskazini mwa Italia. Huko barabara na mitaro ya leo bado inafuata mgawo wa Kirumi: miraba ya actus 20 kwa 20, karibu mita 710 kila upande, kama hekta 50. Weka QGIS, programu ya kuchora na kusoma ramani, kwenye kompyuta. Ni ya bure. Fungua picha ya setilaiti, chagua UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita) kanda ya 33 kaskazini, chora gridi ya mita 710, kisha izungushe na kuisogeza mpaka ikae juu ya barabara. Ukibaki na kanda yetu ya 37 kusini, mashamba yatainama na kuvutika, na gridi haitakaa kamwe. Wanafunzi wahesabu mistari inayolingana na ile isiyolingana, kisha waandike zote mbili. Anayeandika zinazolingana tu hajapima kitu.

Mimi ni fundi upimaji, Lindi. Nikiweka ramani ya zamani ya 1:50,000 juu ya picha ya setilaiti, kila kitu kinahama karibu mita 300. Watafiti wa miji ya kale wanalitatuaje?

Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, na setilaiti inatumia WGS 84; hii ni misingi miwili tofauti ya kupimia umbo la dunia. Namba zilezile za UTM zinaangukia mahali tofauti. Usiisukume ramani kwa mkono. Itambulishe programu kwamba hii ni Arc 1960 kanda ya 37 kusini, halafu iache ibadilishe yenyewe.

Kwa ramani isiyo na mfumo unaojulikana, ifunge kwa alama zisizohama: njia panda, kona ya msikiti wa zamani, bikoni (nguzo ya wapima ardhi). Hapa kuna mtego. Kwa ubadilishaji wa kawaida wa daraja la kwanza, yaani ule unaoisogeza, kuizungusha na kuivuta ramani yote bila kupinda mistari, alama 3 zinatosha, na programu itakuonyesha kosa sifuri. Sifuri hiyo haina maana, kwa sababu hakuna alama iliyobaki ya kukagua. Weka 8 au 10, zisambae hadi pembeni mwa karatasi, zisirundikane katikati. Alama moja ikikosea kuliko wenzake, ichunguze kabla ya kuifuta. Huenda barabara ndiyo iliyohamishwa.

Mbinu hii itafaa Kilwa Kisiwani?

Gridi haitafaa. Kilwa haikukatwa viwanja na wapima ardhi kwa siku moja. Nyumba na misikiti vilijengwa karne baada ya karne. Kinachofaa pale ni kuunda umbo la pande tatu kwa picha. Chukua kwa mfano bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, kasri la kale la pale Kilwa: lizunguke ukipiga picha hatua kwa hatua, kila picha irudie angalau asilimia 60 ya iliyotangulia, tena ukishika kamera kwa vimo viwili tofauti. Weka fimbo ya kipimo ndani ya picha, la sivyo utapata umbo zuri lisilo na ukubwa. Piga asubuhi mapema au siku ya mawingu, kwani jua la saa sita huacha vivuli vyeusi kwenye mawe ya matumbawe, na programu huunda mashimo mahali pa vivuli. Kibali kiombwe mapema, na droni ina kibali chake peke yake.