Kamera, mahesabu na wateja kwenye waifai moja

SWALI: Shikamoo mjomba. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga. Kamera, kompyuta ya mahesabu na simu za wateja vyote vinatumia waifai moja. Kuna hatari?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ipo, tena kubwa, na mimi naanza na kamera. Mwaka 2016 kirusi cha kompyuta kiitwacho Mirai kiliteka kamera na ruta (vile vifaa vinavyorusha waifai) nyingi mno duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Geuza ruta yako uangalie chini: kama bado unatumia nywila iliyobandikwa pale, ibadilishe leo hii. Fundi akutengee mitandao, ili kifaa kimoja kikitekwa kisivifikie vingine: wateja kwao, kamera kwao, mahesabu peke yake. Madeni ya wateja uyanakili kila jioni kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo.