Kwa nini jezi zinaingia PS4 lakini zinagoma kwenye Xbox

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba uliingiza jezi halisi kwenye PES 2019, gemu ya soka, ya PS4 yako kwa kutumia flashi, ilhali binamu yako mwenye Xbox One na gemu hiyohiyo ameshindwa, nanyi mkahitimisha kwamba mashine yake ni mbovu. Si mbovu. Nami nilipokuwa na kibanda cha gemu Mwanza nilinunua Xbox iliyotumika, nikapoteza jioni nzima nikibadilisha flashi moja baada ya nyingine, kabla sijatambua kwamba kipengele chenyewe hakimo katika toleo la Xbox.

Kwenye PS4 kazi ilikuwa nyepesi: unatengeneza folda iitwayo WEPES kwenye flashi, unaweka humo picha za jezi na nembo pamoja na faili za timu, kisha sehemu ya uhariri ya gemu inazivuta. Kibandani hilo halikuwa pambo tu, kwa sababu Konami, watengenezaji wa PES, haikuwa na leseni za timu nyingi, hata Manchester City ikaitwa Man Blue na Real Madrid ikaitwa MD White, na mteja anayelipia dakika zake hataki kuambiwa kwamba ile nyeupe ndiyo Madrid. Kwenye Xbox nililazimika kubadilisha majina kwa padi, herufi moja moja, na kuridhika na jezi zinazochorwa kwa vifaa vichache vya ndani ya gemu.

Ungedhani basi kwamba Sony mwenye PS4 ni mkarimu na Microsoft mwenye Xbox ni mchoyo, lakini gemu ya Fallout 4 inaonyesha kinyume chake. Modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, zilifika Xbox One mwishoni mwa Mei 2016. Septemba mwaka huo Bethesda, kampuni ya gemu hiyo, ilitangaza kwamba Sony haikuziridhia kwa namna zilivyokusudiwa, na walipoelewana Oktoba, modi za PS4 zilibanwa zitumie vitu vilivyomo tayari ndani ya gemu, bila picha, maumbo wala sauti mpya kutoka nje. Hata nafasi ilitofautiana: katika toleo jipya la Skyrim, gemu nyingine ya Bethesda, lililotoka mwezi huohuo, Xbox One ilipewa GB 5 za modi na PS4 GB 1. Kwa hiyo fundi wa modi kwenye Xbox aliweza kuleta upanga alioufua mwenyewe, na mwenzake wa PS4 akabaki kuhamisha samani zilezile kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ukirudi nyuma zaidi, gemu ya Unreal Tournament 3 ilipokea modi kwenye PS3 mwaka 2007, lakini toleo la Xbox 360 la mwaka 2008 halikuzipokea.

Nguvu ya mashine, kwa maoni yangu, si sababu kubwa hapa. Kwenye kompyuta folda ya gemu ni yako, nawe ukiiharibu ni shauri lako. Konsoli, yaani mashine za gemu kama PS4 na Xbox, huendesha programu iliyoidhinishwa na kampuni iliyoitengeneza mashine pekee, hivyo kila faili ngeni ni mlango ambao lazima mtu aubebee dhamana, na hofu hiyo si ya kubuni: mwaka 2008 watu walitumia faili ya hifadhi ya gemu moja ya Zelda, yenye jina la farasi lililorefushwa kupita kiasi, kuifanya konsoli ya Wii iendeshe programu zisizoidhinishwa. Ndiyo maana picha hupita kwa urahisi kuliko skripti, yaani maagizo ya programu yanayoendeshwa ndani ya gemu. Hata Farming Simulator, ambayo ni karimu kwa modi, huzuia zenye skripti kwenye konsoli. Ila usitafute kanuni moja inayoeleza kila gemu, kwa sababu kila mlango hujadiliwa upya kati ya kampuni ya mashine na kampuni ya gemu.

Binamu yako asinunue flashi nyingine. Kama anazitaka jezi kweli, atafute PES 2021 ya PS4 au ya kompyuta, maana eFootball, gemu iliyorithi PES Septemba 2021, ilitoka bila njia hiyo kwenye mashine zote. Nawe hifadhi nakala ya folda yako ya WEPES mahali pengine. Yangu ilipotea na flashi, nikaanza upya timu kwa timu.