Bunduki imejifyatua yenyewe, kiwanda kinasema ni nzima

SWALI

Shikamoo mjomba. Mimi ni mtu wa Tanga, sasa ni raia wa Marekani na naishi Texas. Mwaka jana nilinunua dukani bunduki mpya ya marisau, geji 12, nusu otomatiki, ya kuwindia bata. Tangu mwanzo inanisumbua: ganda tupu linabanwa mlangoni badala ya kurushwa nje, hasa nikitumia risasi nyepesi za kulengea visahani. Hilo nilivumilia. Lakini Januari, tukiwa tumesimama kwenye tope, nilibonyeza kitufe boliti ijifunge, kidole kikiwa mbali kabisa na kifyatulio, ikalia yenyewe! Alhamdulillahi mtutu ulielekea bwawani. Niliirudisha kiwandani, ikakaa huko miezi, ikarudi na kikaratasi kwamba imepimwa, inafanya kazi vizuri, niisafishe na nitumie risasi nzito. Nikaipeleka tena, jibu lile lile. Nikipiga simu nasikilizishwa muziki. Nyumbani ningekwenda TBS. Huku niende wapi? Na kuna rafiki anaitaka kwa bei ya chini, nimpe?

Mpwa wako, Fort Worth

JIBU

Marahaba mpwa. Kabla ya yote, usiitie risasi tena bunduki hiyo, hata ya kujaribia. Mimi nimezeekea nyuma ya kaunta ya duka la bunduki hapa Houston, na vikaratasi vya namna hiyo nimevisoma mpaka nikavichoka.

Una malalamiko mawili, na umewarahisishia kazi kwa kuyachanganya. La maganda kubanwa, huenda wana haki. Nyingi za bunduki hizi huiba moshi kidogo wa baruti kupitia vitundu vya mtutu, moshi ukasukuma pistoni na pistoni ikarudisha boliti nyuma. Bunduki iliyoundwa kumeza risasi ndefu za inchi 3 na nusu, ukiipa ya gramu 28, msukumo haufiki. Ikiwa mpya na bado ina grisi ya kiwandani, ndiyo kabisa.

Kujifyatua ni kesi nyingine, na hapo uzito wa risasi hauingii. Ama sindano ya kupigia fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi, imekwama mbele, ama kile kichuma kinachoshika nyundo hakishiki sawasawa. Huo ni ubovu, wala si wa kuachiwa kitambaa na mafuta peke yake. Atakayekwambia usafishe tu hajakusikiliza.

Sasa habari ya TBS. Marekani wana Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, na sheria iliyoizaa, ya 1972, iliziweka bunduki nje ya mamlaka yake. Bunduki ya plastiki ya mtoto wanaweza kuamuru irudishwe kiwandani. Hiyo yako, hapana. ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, nao wanashughulika na leseni na mauzo, si ubora. Kwa hiyo kiwanda kikiita bunduki zake zirudi, kimeamua chenyewe. Angalia kwenye tovuti yao kama namba ya bunduki yako imeitwa, lakini usikae kungoja.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1911 Winchester walitoa nusu otomatiki yao, na kwa kuwa hataza za John Browning ziliwabana, boliti yake haikuwa na mkono wa kuvutia. Unashika mtutu wenyewe na kuusukuma nyuma. Risasi ikikwama, watu wakasimamisha kitako chini na kuukandamiza mtutu, mdomo wake ukiwatazama usoni. Wako waliokufa hivyo. Iliendelea kutengenezwa hadi 1925, na wakusanyaji wanaiita "Mzalisha Wajane".

Watu watakwambia mwenye kiwanda cha bunduki hashtakiki, tangu sheria ya 2005. Wanaongea nusu. Sheria ile inamkinga na kesi za uhalifu uliofanywa na wengine. Bidhaa mbovu na dhamana iliyovunjwa hazimo katika kinga hiyo.

Kwa hiyo tafuta fundi bunduki asiye wa kiwanda. Aifungue, apime nyundo na sindano, aandike anachokiona na kutia sahihi. Mwambie ajaribie kwa risasi bandia, zisizo na baruti. Kama ganda la siku ile unalo, mpe: alama kwenye fataki inamweleza mengi. Kisha andika barua moja, si simu, uitume kwa rejista kwa kiwanda na kwa duka lililokuuzia. Ndiyo, duka pia. Dhamana ya kwamba kitu kinafaa kwa kazi yake inambana muuzaji, na muda wa kudai ni miaka 4 tangu ulipokabidhiwa, isipokuwa karatasi za mauzo zimeupunguza au zimeiondoa dhamana hiyo, basi zisome. Taja namba ya bunduki, tarehe, na neno "ilijifyatua" katika mstari wa kwanza. Dai fedha zako au bunduki nyingine. Usidai matengenezo, utarudishiwa kikaratasi.

Sheria ya Texas ya biashara za udanganyifu inataka uwape notisi ya siku 60 kabla ya kushtaki. Zikipita kimya, mahakama ndogo ya jaji wa amani inasikiliza madai hadi dola 20,000, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Na huyo rafiki, mwambie hapana, hata akiitaka bure.