Jibu: Kuanzisha ulinzi shirikishi Makorora, Tanga

Ndugu, umeuliza mtaa wenu huko Makorora uanzeje ulinzi shirikishi, yaani wakazi kulinda mtaa wao kwa kushirikiana na polisi. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa: aitishe mkutano, wakazi wenyewe wawapitishe vijana wanaowafahamu, kisha majina na picha zao zimfikie polisi kata (askari anayesimamia usalama wa kata yenu) kabla ya doria ya kwanza. Wakitoka usiku bila kujulikana kituoni, wanaweza kukamatwa wao. Watembee wanne wanne, wawe na tochi, filimbi na reflekta.

Kinachoua vikundi hivi ni fedha. Wakazi wakichangishwa bila risiti, hugoma kutoa, na wana haki.

Zito zaidi ni kumpiga mnayemkamata. Sheria inamruhusu raia kumkamata mhalifu, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa; mkimpiga, kesi inageuka yenu. Kukiwa na dharura, pigeni 112.